Ufunguo wa Shingoni

Damu aliiona kwanza. Maumivu hayakuja.

Fundi Vidole aliinua mkono kutoka kwenye jiliwa lililobana ufunguo aliokuwa akiuchonga, akatazama jinsi tupa ilivyomchuna kidole gumba hadi nyama. Akajifuta haraka kwenye aproni, lakini mteja wake, mama mwenye saluni ya jirani, alikuwa ameshaona.

"Fundi, leo umeazima mikono ya nani?" akamtania.

"Ya kwangu iko likizo."

Mama wa saluni akacheka, kisha akaunyooshea kidole ufunguo ambao fundi aliuvaa shingoni kwa kamba, miaka nenda miaka rudi. "Na huo utachonga lini wa akiba? Siku ukipotea je?"

"Huu haupotei. Wa nyumbani huu."

Jina la Vidole alipewa na mtaa, kwa sababu aliweza kufungua kufuli lolote kwa kupapasa tu huku akipiga soga. Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu vidole vyenyewe vife ganzi. Hakumwambia mtu. Aliogopa, tena aliogopa kama mtoto, maana alijua kinachofuata. Alishakiona kwa Mama.

Mama alianza hivi hivi. Kwanza alisema anahisi anakanyaga pamba. Akaanza kuyumba njiani, majirani wakanong'ona kwamba siku hizi anakunywa, yeye ambaye pombe hakuwahi hata kuionja. Kisha akasahau majina ya wajukuu, akawa anabishana na ukuta, na siku moja akatoka mchana kweupe hadi sokoni na nguo ya kulalia. Vidole aliona aibu ya kufa mtu. Dada yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu akilia.

"Kaka, mpeleke apimwe damu. Hata mara moja tu."

"Wazimu haupimwi kwa damu," alimjibu, akakata simu. Yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba, na neno lake likawa la mwisho. Dada hakukanyaga tena kwao. Hayo yalikuwa miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hakuna mtu mtaani aliyemuuliza habari za Mama. Watu wana adabu zao.

Mchana ule alirudi nyumbani kula, akajikwaa kizingitini pasipo na kitu. Mkewe, aliyekuwa akipakua sahani ya tatu, akaweka upawa chini.

"Ganzi imefika magotini," Vidole akakiri. "Mke wangu, niahidi kitu kimoja. Nikianza kubishana na ukuta, usininyime jua."

Mkewe aliitazama sahani ya tatu.

"Wewe ndiye wa kuniomba hivyo?" Kisha akachukua tena upawa. "Kesho tunakwenda hospitali. Ukikataa nitakubeba kama gunia."

Daktari alikuwa binti mdogo, wa kumzaa kabisa. Alimwambia atoe ulimi, akautazama ulivyokuwa mwekundu na laini, akaguna. Akamsimamisha na kumwambia afumbe macho. Vidole akaenda upande, na kama si mkewe kumdaka angeanguka na meza. Wakachukua damu.

Alisubiri majibu siku tano. Kila asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani, alijitajia majina ya watoto wake mmoja mmoja, kuhakikisha kwamba bado yapo.

Siku ya sita alirudi hospitali peke yake. Daktari alikuwa akitabasamu.

"Mzee, umepungukiwa vitamini B12. Hata ukila vizuri, tumbo lako halinyonyi, na mishipa ya fahamu inakufa njaa. Tutakuchoma sindano, na utaendelea nazo maisha yako yote. Utafanya kazi zako kama kawaida."

"Vitamini?" Vidole akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hizi hizi wanazopewa watoto? Na mimi nimeshajichimbia kaburi!"

"Usicheke sana. Ukiiacha inapanda kichwani. Mtu anasahau, anaona visivyokuwepo, anaitwa kichaa, kumbe ni jambo la kupima damu tu. Tena hutembea katika ukoo. Kuna mwingine kwenu aliyepata kuwa hivi?"

Vidole akaushika ufunguo wa shingoni.

"Na mtu akichelewa hizo sindano?"

"Akichelewa miezi, mengi yanarudi. Akichelewa miaka, mengine hayarudi tena. Lakini wewe una miezi minane tu. Umewahi."

"Na miaka tisa?"

Daktari akaweka kalamu mezani. Vidole hakusubiri jibu.

Alikatiza sokoni akikimbia na kuyumba, watu wakimpisha na kunong'ona kwamba siku hizi fundi anakunywa. Nyumbani alimpita mkewe mlangoni bila salamu, akavuka ua hadi kwenye chumba cha nyuma. Dirisha lake lilizibwa kwa mbao, likabaki pengo la kupitisha sahani tu, na mlangoni lilining'inia kufuli kubwa alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Akavua ufunguo shingoni. Ukamponyoka. Akauokota, akapapasa tundu, lakini vidole havikumwambia kitu. Ukaanguka tena.

Kwa ndani nyayo zikajiburuza taratibu hadi mlangoni, na sauti ya kizee ikauliza swali lake la kila siku.

"Mwanangu, leo nimepona?"