Ufunguo wa Sukari

Siku chache baada ya mwanawe kumpiga mwalimu risasi darasani, Bwana Mwinchande alisimama mbele ya wazazi wenzake, suti imenyooshwa pasi, akataka mlinzi wa shule afukuzwe.

"Zee lile kazi yake kusinzia! Bunduki inapitaje getini?"

Wazazi wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mlinzi aliinama, kofia mikononi. Mwantumu, mkewe Bwana Mwinchande, alimtazama mumewe kama mtu anavyomtazama nzi aliyetua juu ya kitumbua, kisha akainuka.

"Baba Kibwana, hebu waoneshe hicho ulichovaa shingoni."

"Kaa chini, mwanamke!"

"Ni ufunguo wa kabati la sukari, jamani. Bwana huyu hata kuoga anaoga nao, watoto wasije wakachota kijiko. Na bunduki je? Bunduki aliiegemeza nyuma ya mlango, pamoja na ufagio."

Mtu mmoja alicheka, akajutia kicheko chake.

Bwana Mwinchande akarudia habari za geti, sauti imempwaya, na mkono wake ukakimbilia kifuani kuufunika ule ufunguo, kana kwamba watu wale wamekuja kumwibia sukari.