Mbele na Nyuma

Pimatena aliikataa kazi ile mara tatu, na kila alipoikataa mwanamke alijibu kwa kuketi. Kwanza aliketi kwenye tairi kuukuu, halafu kwenye ndoo iliyofudikizwa, mwisho kwenye kigoda cha fundi mwenyewe.

"Mimi ni mtu wa breki na springi, mama. Kulabu za kuvutia gari sifungi. Nenda kwa wenye mashine za kuchomelea. Nusu saa tu, umeondoka."

"Nimepita gereji tatu njiani, zote zina mashine za kuchomelea," mwanamke alisema. "Nimekuulizia wewe."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya zamani, mkweche uliobaki na rangi kwenye paa tu. Mwanamke alikuwa ameinunua mwezi uliopita ili bintiye, aliyesimama kando akitafuna ukucha, akusanyie maziwa mashambani. Barabara za huko, mvua ikinyesha, ni uji. Gari likizama na halina pa kufungia kamba, watu hufunga popote pale mkono unapofika.

"Mbele na nyuma," mwanamke alisema. "Na zishike kwenye fremu, fundi. Si kwenye bampa."

Hapo Pimatena alimtazama. Wateja hawasemi hivyo. Wateja husema funga tu, nina haraka. Alishusha pumzi, akaenda kuvuta jeki.

Alikuwa na miaka sitini na ushei, mgongo umekwisha, na usingizi ulikuwa umemhama tangu alipohamia mji huu, miaka tisa sasa. Jina la Pimatena alipewa na mafundi wenzake wa hapa, kwa kuwa hakuwahi kukata chuma bila kukipima mara tatu. Siku hiyo alipima mara tano. Alikwangua kutu mpaka fremu ikang'aa, kisha akaigonga kwa nyundo huku ametega sikio. Palipotoa mlio mbaya alipaacha, akasogea. Alitoboa matundu, akaweka vipande vya chuma kinene upande wa ndani, akapitisha bolti, akakaza nati kwa spana ndefu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halafu akafungua zote na kuanza upya, kwa sababu kulabu moja ilikuwa imekaa upande, tena kidogo tu, unene wa shilingi.

"Mzee, hiyo ni ya kubebea maziwa au ya kuvutia meli?" mpaka rangi wa jirani alimpigia kelele juu ya ukuta.

"Paka rangi yako," Pimatena akajibu bila kuinua kichwa.

Adhuhuri alimwita binti, akamwinamisha chini ya gari.

"Kamba inafungwa hapa tu. Wakikuambia bampa, kataa. Wakikucheka, kataa. Na kamba ikianza kukazika, mtu yeyote asisimame karibu, hata kama ni mkubwa wako. Chuma kikichomoka hakiulizi umri. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Hebu sema."

Binti alisema. Pimatena akamtaka arudie, na alipomaliza akamtaka arudie tena. Mara ya tatu ni mzee aliyegeuza uso, akajifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Alasiri wakaijaribu. Dereva mmoja wa lori la mchanga alikubali kuvuta, na pikapu ikafungwa breki zote. Watu walijaa kutazama, Pimatena akawafukuza kama kuku. Alipogeuka kumfukuza na mwanamke, hakumwona. Alikuwa ameshamshika bintiye mkono, wamekwenda mbali, nyuma kabisa ya ukuta wa mpaka rangi, naye amefumba macho. Mwoga wa kelele huyu, fundi aliwaza, na moyoni akashukuru.

Lori likanguruma. Kamba ikakazika mpaka ikalia. Pikapu ikaburuzwa hatua kumi na magurudumu yake hayazunguki. Kulabu za mbele hazikutikisika. Wakageuza gari, wakavuta kwa nyuma. Kimya. Hata nati moja haikusogea.

Binti aliingia kwenye usukani, akawasha gari. Mwanamke alipokuja kuaga, alimkuta fundi ameketi chini, mgongo ukutani, hana hata nguvu ya kujifuta grisi.

"Mama, ngoja nikwambie, maana umenitia kwenye kazi niliyoapa kutoigusa," alisema. "Kule nilikokuwa, nilimchomelea mtu kulabu kwenye bampa. Nilikuwa na haraka, magari yamepanga foleni, nikajisemea itashika. Siku wanamvuta matopeni iling'oka, ikampiga kifuani. Hakufika hospitali."

Mwanamke aligeuka, akamtazama bintiye kwenye usukani.

"Nilihama wiki ile ile. Mazishini sikwenda. Wananiambia alikuwa na mke na mtoto mdogo, na mimi hata kumpa mkewe pole nilishindwa. Uso huu ningeupeleka wapi? Miaka tisa hii, kila nikilala naitunga hiyo pole, na kila nikiamka naona haitoshi."

Mwanamke aliinama, akamwekea mkono begani. Aliuacha pale kitambo, mpaka binti akapiga honi.

"Pole yako tumeipokea, fundi," akasema. "Mimi na mwanawe."