Chupa Namba Saba

Chupa namba saba haikuwahi kufika kisimani.

Aliyelijua hilo ni mpimaji wa maji peke yake. Siku ile mvua ilinyesha kama yenye kisasi, na pikipiki ya ofisi ilikuwa imekwisha kumwangusha mara mbili. Visima sita vya bondeni alikuwa amevimaliza jana yake. Kilibaki kimoja, cha kilimani, cha shangazi yake. Akaisuuza chupa mara tatu kama utaratibu unavyotaka, akaijaza maji mengine, maji ambayo angeyaapia, akatia matone ya asidi ya kuyahifadhi, akaandika kwenye lebo: Kisima cha kilimani. Uvivu huo ulimchukua dakika tano. Majuto yalimchukua wiki tatu.

Maana miamba ya kilimani ndiyo iliyoshukiwa tangu mwanzo. Urani, madini yenye sumu, ikiingia majini haina rangi wala harufu. Mtu anakunywa miaka, halafu figo ndizo zinazokuja kusema. Tena mwenye kisima hiki si mtu baki. Shangazi ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi wake wote wawili, na sasa anaishi na mjukuu wa miaka minne. Cheti kitasema maji ni salama, nao watakunywa kwa raha zao. Mpimaji alijiona muuaji.

Siku ya majibu alipanda kilima pamoja na mkuu wa maabara, ameazimia kukiri kabla bahasha haijafunguliwa. Lakini shangazi aliwawahi mlangoni, mbele ya majirani waliokuja kusikia majibu.

"Huyu ni mwanangu," alimwambia mkuu huku akimfinya mpimaji shavu, mtu mzima na kipara chake. "Majirani wanatetemeka, mimi sina hofu. Kisima changu kimepimwa na damu yangu. Huyu anidanganye? Alikuwa akiiba sukari, kisha anakuja kujishtaki mwenyewe!"

Majirani wakacheka. Mpimaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Ungamo alilolipanga njia nzima akaliahirisha.

Mkuu wa maabara akachana bahasha.

"Mama, habari si nzuri. Vya bondeni vyote ni salama. Hiki chako kina urani mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Nimerudia kipimo mara mbili. Kuanzia leo msinywe, msipikie."

Shangazi akaketi kizingitini, mjukuu kamshika kanga. Vicheko vikakatika. Na mpimaji, Mungu amsamehe, alishusha pumzi. Kisima kitafungwa, shangazi hatadhurika, na uongo wake utafukiwa humo humo. Ama kweli ng'ombe wa maskini leo kazaa, tena pacha! Imekuwaje, hakujiuliza. Furaha ilimjaa hata akaona aibu.

"Uliyachota kisimani kwenyewe?" mkuu alimuuliza. "Si kwenye ndoo ya mtu?"

"Kisimani kwenyewe," alijibu bila kupepesa.

Shangazi alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Haya, wataalamu. Mimi na mtoto huyu tutakunywa nini?"

Mpimaji akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. Hapo angalau angeweza kulipa kidogo.

"Usihangaike, shangazi. Nitakuletea maji mwenyewe kila asubuhi. Nitakukingia ya nyumbani kwangu, yale..."

Akaiachia mikono ya shangazi. Asubuhi ile ya mvua, chupa namba saba aliijazia jikoni kwake, kwenye bomba la kisima alichokichimba mwenyewe nyuma ya nyumba, baada ya kumsubiri mkewe amalize kukinga maji ya kukorogea maziwa ya mtoto wao mchanga.