Biskuti za Mshindi

Chupa ilirudi tupu. Elieth aliitikisa, akaichungulia, kisha akaisukuma chini ya kiti haraka haraka kama mtu aliyeiba.

"Mmemaliza yote?"

"Imeisha yote, Mama," alisema Josepha, wa miaka sita. Didas, wa miaka minne, aliitikia kwa kichwa, macho yake kwenye pakiti ya biskuti.

Walikuwa wametoka Kasulu asubuhi, na baada ya kupita Makere walisimama kando ya barabara ili Elieth akachimbe dawa kichakani, maana haja ilimbana. Nathaniel, mumewe, alibaki kwenye usukani akijipepea kwa kofia. Kabla ya kushuka, Elieth aliwaachia watoto juisi ya pasheni, akawaahidi biskuti wakiimaliza. Hakutaka kuwaona wakiinywa. Mama gani huyo, jamani!

Maana ndani ya juisi ile alikuwa ametia dawa ya mafua, ile ya maji inayoleta usingizi. Jirani yake, Mama Saady wa duka la vitenge, ndiye aliyemfundisha. "Kijiko kimoja kimoja tu, mwenzangu, watalala mpaka Kahama." Elieth alifikiria vumbi, mashimo na urefu wa njia, akamimina nusu chupa.

Sababu alikuwa nayo. Mwalimu Elieth huwanyamazisha watoto tisini darasani kwa kukohoa tu, lakini hawa wake wawili wakiingia garini, lo! Krismasi iliyopita waligombana njia nzima, na walipofika Kibondo baba yao akageuza gari, wakarudi nyumbani. Bibi yao kule Kahama alikuwa ameshachinja kuku. Mwaka huu bibi ni mgonjwa, hainuki kitandani, na kila akipigiwa simu anauliza wajukuu wanakuja lini. Nathaniel naye alisema mara moja tu: "Mama Josepha, wakianza kelele zao, nageuza."

Majuto ni mjukuu, lakini ya Elieth hayakungoja uzee. Gari lilipowaka tu, moyo ukaanza kumsuta. Umewalevya wanao, ulimwambia. Mwalimu mzima!

Cha ajabu, watoto hawakulala. Waliimba, wakabishana nani kaona mbuzi wengi, wakampigia kelele za "Mjomba!" kila mwenye baiskeli waliyempita. Elieth alimtazama mumewe kwa hofu. Nathaniel hakukaripia.

"Umechoka, Baba Josepha?"

"Aa... kawaida tu," alijibu polepole. Akateremsha kioo apate upepo. Vumbi jekundu likaingia na kumjaa usoni, wala hakulalamika.

Leo kaamka na moyo mwema, Elieth aliwaza, na aibu ikamzidi. Kumbe angeweza kumwamini mumewe kidogo. Kumbe wanawe wamebugia dawa bure.

Lakini wema wa Nathaniel aliujua, haukawii kuisha. Akageuka nyuma, akapiga magoti kwenye kiti, mgongo kaupa kioo cha mbele.

"Haya, mchezo! Kila mtu anyamaze, afumbe macho, asicheke. Atakayeshinda mpaka darajani Malagarasi, pakiti nzima ya biskuti yake."

"Hata Baba?" Josepha aliuliza.

"Hata Baba. Ila yeye anyamaze tu."

Wakafumba macho. Haikupita muda Josepha akaangua kicheko, akatolewa mchezoni. Didas hakucheka. Kichwa kilimlalia begani, mdomo ukabaki wazi. Gari likatumbukia shimoni, naye akarushwa na kurudi kitini kama furushi la nguo.

"Didas," Elieth aliita. "Didas!"

Hakuitika. Akamtikisa goti. Akamfinya sikio. Wapi! Nusu chupa, na mtoto mwenyewe kijiti hivi! Akainama juu ya kiti mpaka akauona ukope wa mwanawe umetulia tuli.

"Amka, mwanangu. Nisamehe. Mimi ndiye, mimi mwenyewe... Amka umuone bibi!"

Hakujali tena kelele. Gari lilikuwa limeanza kushuka mteremko wa kwenda darajani, nalo lilizidi kukolea mwendo. Elieth alimfinya Didas shavu kwa nguvu zake zote.

"Aah, Mama!" Didas alifumbua macho, kanuna. "Unaniharibia! Nilikuwa nashinda!"

Elieth alimvuta kifuani, akalia na kucheka kwa pamoja. Aliapa kwamba wakifika darajani dawa iliyobaki ataitupa mtoni, na Mama Saady atamsikia akirudi.

"Mungu wangu, asante," alisema akijipangusa machozi. "Na juisi yote ile mliyokunywa!"

Watoto wakatazamana. Josepha akainamisha uso.

"Usitupige, Mama. Ilikuwa chungu. Baba alikuwa na kiu, tukampa, akaimaliza."

Mawe ya kando ya barabara yalianza kugonga chini ya gari.

"Kwa hiyo nimeshinda mimi," alisema Didas, akinyoosha mkono apewe biskuti.

"Wewe ulifumbua," Josepha alimkatalia, akisonta kule mbele. "Kashinda Baba. Mwone, yeye bado kafumba."