Ushuhuda wa Gedion

Vidonge vya presha Mutindi alivitupa chooni, pakiti nzima, huku akiimba pambio. Asubuhi hiyo kaka yake, Gedion, alikuwa amesimama mbele ya kanisa lao pale Kwa Vonza akatangaza kwamba Bwana amemponya presha.

"Tangu niombewe sijameza hata kidonge kimoja," alisema. "Na juzi nimepimwa. Iko sawa kabisa."

Hakuwa akidanganya. Muuguzi aliyekuja kupima watu bure kwenye uwanja wa kanisa alimfunga kipimo mkononi mara mbili, asiamini. Waumini walipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Katunge, mke wa Gedion, alikuwa ameinamisha kichwa. Watu wakadhani anaomba.

Mwanzoni Mutindi aliona raha tupu, maana presha haibishi hodi. Alilima, akachota maji, akawacheka wanaopanga foleni ya dawa. Kisha macho yakaanza kufifia, Biblia ikamshinda kusoma. Pumzi ikawa fupi. Miguu ikavimba hata viatu vikakataa kuingia. Alipofikishwa hospitalini Kitui, daktari alimwambia presha imeharibu figo zote mbili, na moyo umepanuka kwa kuhangaika kusukuma damu. Figo hazirudi tena zilivyokuwa.

Siku hizi anasafishwa damu kwa mashine. Sindano amezizoea. Kinachomkondesha ni Gedion. Amemzidi umri, anamwagia sahani yake ya muthokoi, mahindi ya kukoboa, chumvi bila huruma, na bado anaendesha baiskeli hadi sokoni. Baba mmoja, mama mmoja, Mungu mmoja. Kwa nini yeye? Swali hilo hana pa kulipeleka.

"Imani yangu ndiyo ilikuwa ndogo, Mama Mwau," alimwambia Katunge siku moja wakiwa kwenye benchi la hospitali. Katunge ndiye aliyemsindikiza kila mara, hata msimu wa kupalilia. Alimpikia mumewe uji kwa mkono wake mwenyewe, kisha huyo, safari.

Katunge alimshika mkono.

"Usiseme hivyo, Mama Wavinya." Alikuwa analia. "Ngoja hapa kidogo, nakuja."

Mutindi alibaki na ukungu wa macho yake. Akaomba, kama kawaida yake, apewe walau nusu ya imani ya kaka yake.

Kwenye dirisha la dawa, karibu tu na benchi, mtu aliita, "Gedion Musyimi. Presha."

"Ni mimi namchukulia," ikajibu sauti aliyoijua vizuri. "Nipe tu zile za kila mwezi. Bado namsagia kwa uji. Hajawahi jua."