Faili la Sumo Kerkulah

"Haliko hapa," karani alisema kabla Garmai hajakaa. "Liko kwa mwendesha mashtaka."

"Mzee Dolo, ndiko nitokako. Kasema liko polisi. Polisi nao wamesema liko kwako."

"Basi wanakuzungusha, mwanangu."

"Na wewe je?"

Mzee Dolo alicheka, akasogeza kiti chake kukwepa tone la mvua. Dari la mahakama ya Gbarnga, Liberia, lilikuwa likivuja tangu vita, na fedha za kuliziba zilikuwa zimejadiliwa kwenye vikao ambavyo Garmai alishaacha kuvihesabu.

Garmai Tokpah alikuwa mwaka wa tano akisimamia mradi wa kurekebisha mahakama na magereza huko. Mwaka uliopita alitengeneza orodha ya mahabusu arobaini na mmoja waliokaa ndani zaidi ya miaka miwili bila kuhukumiwa. Arobaini walikuwa wamesikilizwa. Alibaki mmoja, na kila asubuhi mkubwa wake wa Monrovia alipiga simu kuuliza swali lilelile: "Huyo mmoja ana nini?"

Hakuwa na chochote. Sumo Kerkulah alikuwa mtu wa kuchaji simu za watu kwa betri kuukuu kando ya barabara kuu, akakamatwa kwa wizi. Hata angepatikana na hatia siku ileile, kifungo chake kingekuwa kimekwisha zamani. Badala yake alikuwa amekaa rumande miaka mitatu na miezi minane, kwa sababu faili lake halionekani na hakuna hakimu anayesikiliza kesi isiyo na faili. Binti yake, aliyezaliwa baada ya yeye kukamatwa, alimwita "mjomba wa gerezani".

Siku hiyo Garmai alikwenda kumwona tena.

"Sumo, nani hasa aliyekushtaki?"

"Sijui, Mama. Polisi walisema tu kuna mtu mkubwa kalalamika. Nimewauliza mpaka wamenichoka."

"Hukumwona mahakamani?"

"Mara zote nilizopelekwa, hajaja hata mara moja. Wanaita 'mlalamikaji' tu bila jina, kimya. Tunapangiwa tarehe nyingine. Mara ya mwisho wakasema na faili lenyewe halipo." Sumo alijikuna shingo, penye upele. "Mama, mimi sina hasira naye tena. Nataka tu aje aseme, nimjue."

Hasira ambayo Sumo hakuwa nayo, Garmai aliibeba yote. Alirudi mahakamani na kusimama mbele ya meza ya Mzee Dolo bila hata salamu.

"Huyo mlalamikaji ni nani?"

"Jina limo kwenye faili. Kitabu changu kina tarehe tu. Hizi hapa: hajafika, hajafika, hajafika."

"Ni mtu wa namna gani huyu? Anamtia mwenzake ndani, halafu anakwenda zake kula na kulala?"

"Huenda hakupata wito. Tarishi hana mafuta ya kuupeleka."

"Niliwaletea pikipiki mbili, Mzee!"

"Ulileta, Mama, tena mpya. Lakini zinakunywa maji ya mvua?"

Garmai alilijua hilo. Bajeti ya mradi ilikuwa na kifungu cha pikipiki. Kifungu cha mafuta kilikataliwa Monrovia, na barua ya kukataa alikuwa nayo mezani kwake.

"Nipe ufunguo wa stoo," alisema.

Kwa siku tatu alipiga magoti kwenye karatasi zilizolowa, akipekua boksi baada ya boksi. Kesi za mashamba, za mahari, za watu waliokwisha kufa. Panya walikuwa wamekula nusu ya mwaka mzima. Dereva wake alimletea wali na majani ya muhogo, ukapoa. Simu ya Monrovia ililia, akaiacha ilie.

Alhamisi alasiri aliliona. Bahasha ya kaki iliyofifia, imepigwa muhuri pande zote, na juu yake: *Serikali dhidi ya Sumo Kerkulah*.

Alitaka kuichana hapohapo. Mzee Dolo aliichukua mkononi mwake, taratibu kabisa.

"Inafunguliwa na hakimu, mbele ya watu. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwenye ile semina."

Garmai alimrudishia ufunguo wa stoo.

Ijumaa alifika mahakamani kabla ya milango kufunguliwa. Mke wa Sumo alikuja na binti, amemvika gauni la njano. Sumo aliletwa, amenyolewa, shati amekopeshwa na askari wa gereza. Garmai alikaa kwenye benchi la kwanza, nyuma yake tu.

"Leo unatoka," alimnong'oneza. "Na huyo mtu akithubutu kuonekana hapa, nitamwambia nimwonavyo."

"Mwache, Mama," Sumo alisema. "Ilimradi nimjue."

Hakimu alivunja mihuri. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, imeandikwa kwa mkono. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti:

"'Betri ya gari letu imeibwa jana. Simjui mwizi. Naomba karatasi ya polisi, ili makao makuu Monrovia watuletee betri nyingine.'"

Akageuza karatasi, akalitazama jina lililokuwa chini, akalitazama tena. Kisha akainua macho na kuita, kama utaratibu unavyotaka:

"Mlalamikaji, Garmai Tokpah. Amefika?"