Nyanya za Nyuma ya Jiko

Mama mkwe aliingia kifua mbele, kikapu cha nyanya mkononi. "Nimezinunua sokoni! Nikawaita na majirani: njooni, hizi kazilima mkwe wangu!"

Mkulima akaona madoa meupe karibu na vikonyo. Dawa ile ya wadudu ilitaka siku saba kabla ya kuchuma. Yeye alipiga jioni, akachuma asubuhi, bei isije ikashuka.

Mama mkwe aliifuta moja kwa upindo wa kanga, akaipeleka mdomoni.

"Mama, usile!" Ulimi ukamteleza. "Za kula sisi ziko nyuma ya jiko. Zile hatuzipigi dawa."

Mama mkwe akaishusha nyanya polepole.

"Za kula sisi," alirudia, akilitazama doa jeupe kwenye kanga yake. "Sisi akina nani, mwanangu?"